Ufovisti kwenye Viunga vya Mto Seine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ufovisti ni nini, na jina hilo lilitoka wapi?

Ufovisti ni mkondo wa uchoraji uliostawi nchini Ufaransa kati ya mwaka 1904 na 1908 hivi. Wachoraji wake waliipa rangi kazi ambayo kwa karne nyingi ilifanywa na mstari, mwanga na kivuli, yaani kujenga umbo, kuonyesha umbali na kubeba hisia za mchoraji. Jina lilitokana na maonyesho ya Salon d'Automne ya mwaka 1905, yaliyofanyika Paris katika jumba la Grand Palais. Katika chumba cha saba zilitundikwa kazi za Henri Matisse, André Derain, Maurice de Vlaminck, Albert Marquet, Henri Manguin na Charles Camoin, na katikati ya picha hizo ilisimama sanamu iliyochongwa kwa namna ya mabingwa wa Italia ya kale. Mhakiki Louis Vauxcelles aliandika katika gazeti la Gil Blas kwamba hapo Donatello, mchongaji wa Italia wa karne ya 15, alikuwa amezungukwa na fauves, maana yake wanyama wakali wa mwituni. Wachoraji hawakujichagulia jina hilo, wala hawakuwahi kutoa tamko la pamoja au kuunda chama.

Kwa kawaida Ufovisti huhusishwa na jua la Kusini mwa Ufaransa. Kwa nini tuzungumzie viunga vya Paris?

Kwa sababu nusu ya habari hii ilianzia huko, tena mapema. Ni kweli kwamba Matisse na Derain walikaa pamoja Collioure, bandari ndogo ya wavuvi karibu na mpaka wa Hispania, katika kiangazi cha mwaka 1905, na kwamba kazi walizorudi nazo ndizo zilizozua kelele Paris miezi michache baadaye. Hata hivyo, Derain alizaliwa Chatou, mji mdogo ulio kando ya Mto Seine, takriban kilomita 15 magharibi ya katikati ya Paris, na huko ndiko alikojifunza kutazama. Rafiki yake Vlaminck alikulia Le Vésinet, jirani na Chatou, akaishi pia Rueil, ng'ambo ya mto. Katika miaka ya Ufovisti wake Vlaminck hakwenda Kusini kutafuta mwanga. Karibu kila picha yake kubwa ya mwaka 1905 na 1906 inaonyesha sehemu ambayo aliweza kuifikia kwa miguu au kwa baiskeli kutoka nyumbani kwake.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tukisema kwamba rangi kali za Wafovisti zilisababishwa na jua kali, tumezigeuza picha hizo kuwa taarifa ya hali ya hewa. Bonde la Seine upande huo lina anga la kijivu kwa sehemu kubwa ya mwaka, mvua nyingi na ukungu wa asubuhi. Mtu aliyechora vigogo vyekundu na barabara ya manjano chini ya anga la namna hiyo aliitoa rangi mahali pengine, na swali la wapi hasa alikoitoa ndilo linalozifanya picha za Chatou zistahili kuchunguzwa peke yake.

Derain na Vlaminck walikutanaje?

Walikutana katika treni mwaka 1900. Treni ya kuelekea Chatou iliacha njia, abiria wakateremka, na vijana hao wawili wakaendelea na safari kwa miguu wakizungumza. Derain alikuwa na umri wa miaka 20, mtoto wa mwoka keki ambaye pia alikuwa diwani wa mji. Wazazi wake walitaka awe mhandisi. Vlaminck alikuwa amemzidi kwa miaka minne. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, naye mwenyewe alikuwa amewahi kushindana katika mbio za baiskeli hadi homa ya matumbo ilipomkatiza mwaka 1896, kisha akawa anajipatia riziki kwa kupiga na kufundisha fidla. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, aliandika katika magazeti ya wapinga dola, na alijivunia kwamba hakuna mwalimu aliyemfundisha kuchora.

Muda mfupi baada ya kukutana walikodi pamoja jengo la zamani kwenye kisiwa cha Chatou, linalojulikana kama Maison Levanneur, wakalifanya karakana yao. Ushirika huo wa chumba kimoja haukudumu, kwa kuwa Derain aliitwa jeshini mwaka 1901 na hakurudi hadi 1904. Kilichodumu ni barua. Derain alimwandikia Vlaminck kwa bidii kutoka kambini juu ya uchoraji, vitabu na siasa, na mawazo mengi yaliyokuja kuonekana kwenye vitambaa vyao vya kuchorea yalipikwa kwanza katika barua hizo.

Mahali penyewe palikuwaje wakati huo?

Magharibi ya Paris, Seine hauendi moja kwa moja. Unajipinda kwa mizunguko mikubwa, kiasi kwamba msafiri wa treni anaweza kuuvuka mto uleule zaidi ya mara moja katika safari fupi. Ndani ya mizunguko hiyo kuna Chatou, Croissy, Bougival, Port-Marly na Le Pecq, na juu kidogo ya mto, Argenteuil. Reli ya kwanza ya abiria kutoka Paris ilifunguliwa mwaka 1837 kuelekea upande huo, ikaishia Le Pecq, na tangu hapo vijiji vya wakulima na wavuvi vikaanza kubadilika. Wafanyabiashara wa Paris walijenga nyumba za mapumziko zenye paa za vigae vyekundu. Watu wa kipato cha chini walikuja Jumapili kupiga makasia, kuogelea na kula samaki wa kukaanga. Mikahawa ikaota kwenye kingo za mto, mmojawapo ukiwa ule wa familia ya Fournaise kwenye kisiwa cha Chatou, ambako Auguste Renoir alichora karamu yake maarufu ya wapiga makasia mwaka 1880 na 1881.

Lakini mto huo ulikuwa pia barabara ya kazi. Matishari yaliyosheheni mizigo yalivutwa na boti za mvuke zenye dohani ndefu. Bougival kulikuwa na mitambo ya Marly, ambayo mtangulizi wake wa karne ya 17 alijengwa kupandisha maji ya mto hadi kwenye bustani za mfalme. Viwanda vilisogea kutoka Paris mwaka hadi mwaka, na moshi wake ukaonekana nyuma ya mashamba ya mboga. Kwa hiyo mtu aliyesimama kwenye daraja la Chatou mwaka 1905 aliona kwa mtazamo mmoja bustani ya tajiri, chombo cha makaa, mashua ya tanga ya mtu aliyekuja kustarehe, na mti wa kijijini ambao haujakatwa bado. Hapakuwa mji wala shamba. Mchanganyiko huo, ambao wengi waliuona kuwa ni uharibifu wa mandhari, Vlaminck aliupenda kwa moyo wote, na hilo linaonekana katika uchaguzi wake wa vitu vya kuchora: boti chafu ya kuvutia matishari inapewa nafasi ileile ya heshima ambayo mchoraji mwingine angeipa kanisa.

Waimpreshonisti walikuwa wameshachora mto huohuo. Wafovisti waliongeza nini?

Swali hili linafaa kujibiwa kwa uangalifu, kwa sababu hakuna eneo la Ufaransa lililokuwa limechorwa zaidi ya hilo. Claude Monet na Renoir walichora bafu za mtoni za La Grenouillère, Croissy, mwaka 1869, wakiwa bega kwa bega. Alfred Sisley alichora mafuriko ya Port-Marly mwaka 1876. Camille Pissarro aliishi Louveciennes, mlimani juu ya Bougival. Derain na Vlaminck walipofungua masanduku yao ya rangi katika kingo hizo, walikuwa wanasimama palepale waliposimama wakubwa wao, miaka 30 au zaidi baadaye.

Tofauti ya kwanza iko katika kile kinachotafutwa. Mchoraji wa Uimpreshonisti aliuliza: maji haya yana rangi gani saa hii, chini ya wingu hili? Alivunja rangi katika madoa madogo ili kuufuata mwanga unaopita, na ustadi wake ulipimwa kwa uaminifu wa jicho. Vlaminck hakuwa na subira na swali hilo. Yeye aliuliza jinsi mto unavyompiga kifuani anapoutazama, kisha akatafuta rangi yenye nguvu sawa na pigo hilo. Maji yake yana buluu nzito na nyeupe nene zilizopakwa kwa viboko vifupi vinavyokwenda upande mmoja, na hayajaribu kutushawishi kwamba tunaweza kuingiza mkono tukalowa.

Tofauti ya pili haisemwi sana, nami naiona kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Wengi wa Waimpreshonisti waliutazama ukingo huo kama mahali pa mapumziko, hata wale walioishi karibu. Katika picha zao kuna miavuli, kofia za majani, meza zilizoandaliwa. Derain na Vlaminck walikuwa wenyeji. Waliijua Jumatatu ya Chatou, wakati watalii wamekwisha kuondoka na mto umeachiwa matishari. Picha zao hazina hali ya sikukuu, ingawa rangi zake ni kali kuliko za sikukuu yoyote.

Kwa nini mti uwe mwekundu? Je, hawakuwa wanaona sawasawa?

Waliona sawasawa kabisa. Derain, aliyepata mafunzo katika shule za uchoraji za Paris, angeweza kuchora mti kwa usahihi uliotakiwa na mwalimu yeyote. Mti mwekundu ni uamuzi, na uamuzi huo una sababu mbili zinazofanya kazi pamoja.

Sababu ya kwanza ni mwenendo wa rangi zenyewe. Nyekundu ikiwekwa kando ya kijani, kila moja huonekana kali zaidi ya ilivyo peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa buluu na machungwa, au manjano na zambarau. Elimu hiyo haikuwa mpya, kwani wanasayansi wa Ufaransa walikuwa wameieleza tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na wachoraji kadhaa walikuwa wameijengea mbinu makini ya vitone. Wafovisti waliichukua bila ile hesabu. Kigogo kinapakwa nyekundu ili majani na maji vipate kuwaka, na baada ya hapo kila rangi katika picha hupimwa dhidi ya jirani yake kuliko dhidi ya kitu kilichoko nje ya dirisha.

Sababu ya pili ni kivuli. Katika uchoraji wa zamani, kitu hupata uzito kwa kuwa na upande wa mwanga na upande wa giza. Kutoka Collioure, mwezi Julai 1905, Derain alimwandikia Vlaminck kwamba alikuwa amepata fahamu mpya ya mwanga, ambayo inamaanisha kukikana kivuli. Ukikiondoa kivuli cha kijivu au kahawia, unahitaji kitu kingine cha kutenganisha kigogo na ukuta ulio nyuma yake, na kitu hicho ni rangi iliyo mbali nayo kabisa. Katika picha ya Vlaminck ya mwaka 1906 inayoonyesha miti myekundu mbele ya mji, iliyoko Centre Pompidou, vigogo vimesimama kama safu ya nguzo, navyo vinausukuma nyuma mlima wa buluu na paa za nyumba bila msaada wa kivuli hata kimoja. Yeyote anayedhani kwamba rangi hizo zimetupwa ovyo aitazame picha hiyo kwa dakika kadhaa, kisha ajaribu kufikiri ingekuwaje ikiwa kigogo kimoja tu kingegeuzwa kuwa kahawia. Mpangilio wote ungelegea.

Van Gogh ana sehemu gani katika habari hii?

Ana sehemu kubwa. Mwezi Machi 1901 nyumba ya sanaa ya Bernheim-Jeune, Paris, iliandaa maonyesho ya kazi za Vincent van Gogh, aliyekuwa amefariki mwaka 1890 bila kujulikana na wengi. Vlaminck alitoka humo akiwa ameguswa kiasi cha kusema baadaye kwamba siku hiyo alimpenda Van Gogh kuliko baba yake mzazi. Katika maonyesho hayohayo Derain alimtambulisha Vlaminck kwa Matisse, na uhusiano wa Chatou na kundi la Paris ukaanza hapo. Viboko vinene vya Vlaminck, vinavyofuata mwelekeo wa barabara, wa shina au wa mkondo wa maji, ni urithi wa moja kwa moja kutoka kwa Mholanzi huyo.

Walitumia rangi za aina gani, na walizipakaje?

Walitumia rangi za mafuta za dukani, zilizotengenezwa viwandani na kutiwa katika tyubu za bati. Tyubu hizo zilibuniwa mwaka 1841 na mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, na bila hizo uchoraji wa nje ungekuwa wa taabu sana. Buluu ya kobalti, buluu bandia ya ultramarini, manjano za kromu na za kadimiamu pamoja na kijani nyingi mpya zilikuwa matunda ya kemia ya karne ya 19. Nyekundu ya vermilioni ilikuwa ya kale zaidi, nayo hutokana na muungano wa zebaki na salfa. Vlaminck alisema kwamba alitamani kulichoma moto jengo la shule kuu ya sanaa ya Paris kwa kobalti na vermilioni zake. Derain naye alizilinganisha rangi za wakati ule na baruti ya dinamiti.

Namna ya kupaka ilikuwa ya haraka. Vlaminck alitumia rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, mara nyingi bila kuichanganya, na katika sehemu kadhaa rangi imesimama juu ya kitambaa kwa unene unaoonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali. Sehemu nyingine ziliachwa wazi, ili weupe wa kitambaa chenyewe usaidie kung'aza rangi zilizo jirani. Jambo hili hupotea kabisa katika picha za kuchapishwa na za kwenye simu. Inafaa pia kujua kwamba baadhi ya manjano za kromu hugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo kuna picha ambazo leo ni tulivu kuliko zilivyokuwa siku zilipokauka.

Nitatofautishaje kazi ya Derain na ya Vlaminck nikizikuta bila maelezo?

Wakati mwingine ni vigumu, kwa kuwa walichora mahali pamoja na kwa miaka ileile, lakini tabia zao zilikuwa mbali sana. Derain alifikiri kabla ya kugusa kitambaa. Picha zake zina nafasi za kupumua, mistari inayopita kwa ulalo kutoka kona hadi kona, na mara nyingi mahali pa kutazamia palipochaguliwa kwa ustadi. Katika picha ya matishari mawili ya mwaka 1906, iliyoko pia Centre Pompidou, anatutazamisha chini kutoka juu, vyombo vimekatwa na ukingo wa picha, hatuoni anga wala upeo wa macho, na maji yamekuwa ukuta wa rangi. Huo ni ubunifu wa mtu aliyejifunza kwa wachapaji wa Japani na aliyejua hasa anataka jicho la mtazamaji liende wapi.

Vlaminck huanzia chini, penye miguu yake. Barabara au ukingo wa mto hutuanguka mbele, miti hutanda pembeni, na viboko vyote vina mwendo uleule wa mkono wenye nguvu. Mfano mzuri ni picha ya mwaka 1905 hivi ya mkahawa wa mitambo ya Marly huko Bougival, iliyoko Musée d'Orsay. Ina upana wa sentimita 81.5 tu na kimo cha sentimita 60, lakini ile ardhi ya manjano na miti yake huonekana kana kwamba haitoshei ndani ya fremu. Vlaminck ana rangi chache kuliko Derain, naye huzirudia bila woga: buluu, nyekundu, manjano, kijani, nyeupe. Derain huingiza waridi, zambarau na machungwa yaliyopozwa.

Kama ningelazimika kupima, ningesema kwamba Derain ni mchoraji mwenye akili pana zaidi, na kwamba picha bora kumi za Vlaminck za mwaka 1905 na 1906 zina uhai ambao Derain aliufikia mara chache tu.

Kwa nini watu ni wachache sana katika picha hizi?

Katika picha nyingi za Chatou watu ni madoa mawili matatu barabarani, au hawapo kabisa. Sehemu ya sababu ni mbinu: kiboko kinene hakiwezi kuchora uso bila kupunguza kasi. Lakini pia kazi ya kubeba hisia, ambayo mwanzoni ilikuwa ya binadamu aliyechorwa ndani ya mandhari, ilikuwa imehamishiwa kwenye mti, boti na maji. Mti wa Vlaminck una mkao na hasira. Mtu angeongezwa hapo angekuwa wa ziada.

Je, ni kweli kwamba wachoraji hawa wana uhusiano na sanaa ya Afrika?

Ni kweli, ingawa uhusiano huo haukuonekana katika picha za mandhari. Vlaminck alisimulia kwamba alipata sanamu kadhaa za Afrika Magharibi katika mkahawa mmoja wa Argenteuil, kisha rafiki wa baba yake akampa vitu vingine, kikiwemo kinyago cheupe cha watu wa Fang, ambao makao yao ni eneo la Gabon. Derain alikinunua kinyago hicho kwake, akakitundika katika karakana yake ya Paris, na huko Matisse na Picasso wakakiona. Mfanyabiashara wa kazi za sanaa Ambroise Vollard alikitolea nakala ya shaba. Leo kinyago chenyewe kiko katika hazina ya Centre Pompidou.

Vitu hivyo vilifika Ulaya kwa njia za ukoloni, na wale waliovishangilia hawakuuliza sana ni nani aliyevichonga wala vilitumika katika ibada gani. Lililotokana navyo lilijitokeza kuanzia mwaka 1906 katika miili iliyochorwa na kuchongwa na Derain na wenzake, na si katika mto na miti ya Chatou. Kwa hiyo anayedai kwamba rangi za Ufovisti zilitoka Afrika anachanganya mambo mawili.

Wafovisti wengine nao walichora kandokando ya maji?

Ndiyo, tena sana. Marquet alichora gati za Seine katikati ya Paris, mara nyingi akiwa dirishani, kwa rangi tulivu kuliko za wenzake. Raoul Dufy alichora ufuko na mabango ya Normandy, na Georges Braque alichora Antwerp pamoja na Othon Friesz mwaka 1906, kisha akaenda L'Estaque, karibu na Marseille. Derain mwenyewe alitumwa London na Vollard mwaka 1906, akarudi na takriban picha 30 za Mto Thames na madaraja yake. Ukizitazama picha hizo za London baada ya zile za Chatou, utatambua mara moja kijana aliyekulia kando ya mto wenye matishari: anajua boti ya mvuke hukaa vipi juu ya maji, na moshi wake hulalia upande gani.

Picha hizi zilipokelewaje, na kwa nini mkondo huu uliisha upesi?

Magazeti mengi yalizicheka, lakini wanunuzi walikuja mapema kuliko ilivyodhaniwa. Vollard alinunua kwa mkupuo kazi zilizokuwa katika karakana ya Derain mwaka 1905, na mwaka 1906 akafanya hivyohivyo kwa Vlaminck, ambaye kwa mara ya kwanza aliweza kuishi kwa brashi yake.

Mwisho ulitokana zaidi na mashaka ya wachoraji wenyewe. Mchoraji Paul Cézanne alifariki mwezi Oktoba 1906, na mwaka uliofuata Salon d'Automne ikaonyesha kazi zake kwa wingi. Vijana waliokuwa wamejenga picha kwa rangi tupu waliona pale uzito na muundo ambao rangi peke yake haikuwa imewapa. Braque alielekea kwenye Ukubisti, mkondo wa kuvunja vitu katika maumbo ya kijiometri. Derain alirudi kwenye maumbo mazito na baadaye kwa mabingwa wa zamani. Vlaminck alianza kutia giza katika rangi zake, na hatimaye akahamia Rueil-la-Gadelière mwaka 1925, ambako alichora barabara za mashambani chini ya mawingu mazito hadi alipofariki mwaka 1958. Nasikitika kusema kwamba alirudia picha hizo mno, na kwamba hakuna mwaka hata mmoja baada ya 1907 alipoufikia tena ule moto wa Chatou.

Nimesikia kwamba Derain na Vlaminck walishirikiana na Wanazi. Ni kweli?

Mwezi Novemba 1941, Ufaransa ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Ujerumani, Derain na Vlaminck walikuwa miongoni mwa wasanii Wafaransa waliokubali kusafiri hadi Ujerumani katika ziara iliyopangwa kwa ajili ya propaganda. Mwaka 1942 Vlaminck alichapisha pia makala ya kumshambulia Picasso, ambaye wakati huo hakuwa na uhuru wa kujibu. Baada ya vita heshima ya wote wawili ilishuka. Hakuna sababu ya kulificha jambo hili, wala halibadilishi tarehe ya picha za mwaka 1905. Msomaji anapaswa kujua yote mawili.

Thamani yake sokoni ikoje leo?

Picha za Ufovisti ni chache, kwa kuwa mkondo ulidumu miaka michache tu, na nyingi ziko katika makumbusho. Picha ya Vlaminck ya mwaka 1905, ambayo jina lake ni Mandhari ya Kiungani, iliuzwa New York mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 22 za Marekani.

Ninaweza kuziona wapi?

Paris, anzia Musée d'Orsay kwa ile picha ya Bougival. Hazina ya Centre Pompidou ndiyo kubwa, lakini ulizia kabla ya kufunga safari, kwa kuwa jengo lake limefungwa kwa ukarabati mkubwa na kazi zake huonyeshwa kwingineko. Nchini Marekani, Metropolitan Museum of Art ya New York ina picha ya Vlaminck ya Seine huko Chatou ya mwaka 1906, National Gallery of Art ya Washington ina boti yake ya kuvutia matishari ya mwaka huohuo, Art Institute of Chicago ina nyumba zake za Chatou, na Kimbell Art Museum ya Fort Worth ina Seine ya Derain ya mwaka 1905. Kuingia katika makumbusho ya Washington ni bure.

Chatou yenyewe inafikika kwa treni ya RER A kutoka katikati ya Paris; shuka kituo cha Chatou–Croissy, kisha tembea hadi darajani na ushuke kisiwani. Maison Levanneur ingali imesimama, na nyumba ya Fournaise iliyo jirani nayo imekuwa mkahawa na makumbusho. Nenda siku ya kazi, ikiwezekana kukiwa na mawingu, na usimame ukingoni kwa muda wa kutosha kuona maji yana rangi gani hasa kabla hujafungua picha yoyote ya Vlaminck kwenye simu yako.